Siku Lori Lilipokwama Langoni kwa Patron

Dada anayenisaidia kazi za nyumbani ameshanizoea. Akitaka kufua, hubeba beseni na kwenda nalo nyuma kabisa ya nyumba, maana amegundua kwamba nikisikia harufu ya sabuni ya unga ikikorogwa kwenye maji baridi, nabadilika. Natabasamu peke yangu. Yeye anadhani ni ugonjwa fulani wa pua unaonipanda kichwani. Sijamsahihisha. Nitamwambiaje kwamba harufu ile inanikumbusha wanaume wawili wakitokwa jasho asubuhi moja, na kwamba miaka yote hii, pamoja na mahubiri yote niliyoyasikiliza, furaha yangu haijapungua hata kidogo?

Wenzangu tuliokulia Mbugangari, mtaa wetu wa mpakani na Goma, mtakumbuka nyumba zilivyotambulika. Kwa muuza mkaa ulipajua kwa vumbi jeusi, kwa kinyozi ulipajua kwa redio. Kwetu palijulikana kwa povu. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la Patron Silasi, lori kubwa la breki za upepo, na kila Jumapili tukitoka kanisani tulilipima kama linavuja upepo. Baba alirudishwa na wazazi wake kutoka upande wa Goma, Mama alirudi kutoka Tanzania, na kila mmoja alikicheka Kiswahili cha mwenzake. Lakini kwenye lile lori walielewana kuliko mahali pengine popote.

Kipimo chenyewe kilikwenda hivi. Baba alitafuta mawe meusi makubwa, yale ya volkano ambayo kwetu hayana bei, akayabana mbele na nyuma ya magurudumu. Mama alivua viatu vya kanisani, akapanda kwenye kiti cha dereva. Mimi nilikoroga sabuni ya unga kwenye beseni mpaka povu likasimama. Kisha Baba alilala chini ya lori na brashi kuukuu ya kupakia rangi, akapaza sauti, "Achia!" Mama aliisukuma ndani hendibreki, tukasikia lori likishusha pumzi, na Baba akaanza kupaka povu kwenye kila mpira wa kupitishia upepo na kila kiungo. Mahali penye tundu, povu huvimba na kupasuka. Penye uzima, linakaa tu.

Nieleze jambo moja hapa, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Watu wengi wanadhani upepo ndio unaobana breki. Kwenye magurudumu ya nyuma ya lori kama lile ni kinyume. Kuna springi kali zinazobana wakati wote, na upepo ndio unaozizuia. Upepo ukipungua, springi zinashinda, magurudumu yanafunga, na hapo unaweza kuita mtaa mzima uje kusukuma, lori halitasogea. Ukivuta hendibreki, unautoa upepo kwenye mipira inayokwenda kwenye zile springi. Ukiiachia, unaurudisha. Kwa hiyo tundu likiwa kwenye mpira huo, hutalipata kamwe hendibreki ikiwa imevutwa. Upepo haupo pale, povu litapasukaje? Ndiyo maana Baba alilala chini ya lori lililoachiwa, akiyategemea mawe yake na mkono wa mke wake.

Basi likaja lile jambo la kishale. Baba alikuwa akishuka mteremko wa Kanama na mzigo wa saruji, akaona kishale cha geji ya upepo kinashuka. Akaegesha pembeni, akakataa kuendelea mpaka Patron atume mtu. Patron alimtuma Fundi Jado, mtoto wa dada yake, kijana mwenye mabega mapana na maneno mengi. Jado alicheka, akasema dereva ameogopa mteremko. Wakaliburuta lori polepole mpaka kwenye uwanja wa nyumba ya Patron, na tangu siku hiyo Jado akaligeuza kuwa lake. Jumapili zetu zikaishia hapo.

Jado alipaka povu, povu likakaa. Alipaka hendibreki ikiwa imevutwa, maana kulala chini ya lori lililoachiwa hakuweza, ingawa hakumwambia mtu. Akatangaza kwamba kompresa imechoka. Patron akanunua mpya Kigali, akamkabidhi Baba ailete. Baba aliipakata kwenye basi njia nzima ndani ya boksi lake, kama mama na mtoto mchanga. Jado akaifunga. Lori likitulia, kishale kilipanda vizuri. Wakiachia hendibreki watembee kidogo tu, kilianza tena kushuka.

Asubuhi moja Mama alinituma nimpelekee Baba chai, maana alikuwa ametoka alfajiri bila kula. Nilipofika kwa Patron nilikuta watu wamesimama uwanjani, wapakiaji mizigo, majirani, hata mteja wa kinyozi mwenye kichwa kilichonyolewa nusu. Baba alikuwa katikati yao.

"Kompresa ya mupya nilikupatia mi mwenyewe mu mukono," Patron alikuwa akisema. "Iko wapi?"

"Iko kwenye moteri, Patron. Jado ndiye aliifunga."

"Yenye alinipatia ilikuwa ya zamani," Jado akasema, bila hata kumtazama Baba. "Wameipaka tu rangi. Ile ya mupya imeshavuka mupaka, iko Goma."

Patron akanyoosha mkono. "Lete funguo. We ni mwizi." Halafu akalirudia lile neno, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. "Mwizi!"

Nilimtazama Baba. Nilikuwa na hakika kwamba sasa atasema kitu, atakunja ngumi, atamshika Jado shingo. Baba alifungua mdomo, akamtazama Patron, akawatazama wale watu mmoja mmoja kama anayewahesabu, kisha akaufunga. Akatoa funguo mfukoni. "Sawa, Patron," akasema, akanishika bega, tukaondoka. Chai ilimwagika njiani na hakuna aliyeninyamazisha nilipolia.

Sijui kwenu, lakini kwetu dereva akishaitwa mwizi hadharani, hata toroli hapewi. Baba alizunguka kwa matajiri wote wenye magari, kila mmoja akamkaribisha vizuri na kumwambia arudi wiki ijayo. Mama aliuza cherehani yake aliyokuja nayo kutoka Tanzania. Siku walipokuja kuichukua alikuwa akiosha vyombo, na aliendelea kuviosha, vilevile vilivyokwisha kuoshwa. Shuleni niliitwa mtoto wa kompresa. Kanisani Jado alikaa mstari wa mbele na kuimba kuliko kwaya.

Nilimchukia kwa ukamilifu ambao watu wazima hawauwezi tena. Wakati wa sala nilimwombea meno yang'oke, nikianza na ya mbele ili pengo lionekane. Patron nilimwombea upofu, kisha nikaona upofu utamfanya aonewe huruma, nikabadilisha kuwa kuhara. Lakini aliyeniumiza zaidi alikuwa Baba. Kila siku alikwenda kuketi kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na lango la Patron, anyooshe miguu, anywe kikombe kimoja mpaka jioni, akisikiliza lori lile likiwashwa na kuzimwa uwanjani. Hakuna dereva mwingine aliyekubali kulipeleka barabarani, basi likawa linawashwa na kuzimwa tu. Mimi niliona Baba anajipendekeza. Niliona anakaa pale ili Patron amhurumie, na nikaanza kupita njia ya mbali nikitoka shule ili nisimwone.

"Kwa nini Baba ni mwoga?" nilimuuliza Mama.

Mama aliniwekea maharage kwenye sahani. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, Keza. Kula." Lakini uso wake ulionyesha kwamba na yeye alikuwa akiungojea huo mshindo bila kuusikia.

Halafu Patron akapata mkwe. Binti yake mkubwa alichumbiwa na kijana wa familia ya Nyakiriba, watu wenye mashamba na majina, na sherehe ya kumwomba binti, gusaba, ikapangwa kufanyika nyumbani kwa Patron. Mtaa mzima ulizungumzia mahema yatakayowekwa. Ili mahema yaingie, lori lilipaswa kutoka uwanjani.

Asubuhi ya sherehe Jado aliwasha injini, akasubiri mpaka kishale kikapanda, akaachia hendibreki, akalielekeza lori langoni. Lilikwenda mpaka nusu ya mwili ikawa nje na nusu ndani. Hapo upepo ukaisha. Springi zikabana. Lango la Patron lilikuwa jipya la chuma, na lori lilisimama katikati yake kama kizibo kwenye chupa. Jado alivuta, akasubiri, akaachia, likasogea kiganja kimoja, likabana tena, safari hii kwa mshazari, bati la ubavu likikwaruza nguzo. Waliokodishwa kuleta viti walisimama nje na viti vyao. Waliokuwa wakipika ndani walijipenyeza kwa ubavu, mmoja mmoja, kwenda kutafuta chumvi.

Tulizisikia habari hizo haraka, maana huko kwetu aibu ya tajiri ina mbio kuliko pikipiki. Baba hakwenda kwenye kibanda cha chai siku hiyo. Alikuwa ameketi mlangoni, amevaa fulana, akipiga mswaki taratibu mno.

Patron alikuja mwenyewe, kwa miguu, kwenye vumbi, akiwa na vazi lake jeupe la sherehe lililofungwa fundo begani.

"Papa Keza," akasema. "Tusaidie. Wageni wako njiani."

"Karibu, Patron. Keti kwanza."

"Kuketi gani tena? Kamiyo imefunga lango."

"Fundi si iko?"

"Fundi ameshindwa."

Baba akasuuza mdomo, akatema maji pembeni kwa adabu. "Na mwizi ndiye ataweza?"

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia na nilimwona akiushika ukuta.

"Bon," Baba akasema. "Nakuja. Wacha ninyoe ndevu kwanza."

Akanyoa kweli, pande zote mbili za uso, kidevu na shingo, huku Patron Silasi amesimama uani kwetu akinusa sabuni ya kunyolea. Kisha akavaa shati lake la kanisani. Akamwambia Mama ajifunge kitenge kizuri. Akaniambia mimi nikoroge povu.

Tulipofika, lango lilikuwa limezungukwa kama mpira unachezwa. Baba alipanga mawe yake kwenye magurudumu, akalipiga teke kila moja kulihakiki, kisha akamgeukia Jado.

"Jado, ulipaka povu?"

"Nilipaka kila pahali."

"Hendibreki ilikuwa imefungwa ao imeachiwa?"

"Imefungwa. Mutu analala chini ya kamiyo yenye imeachiwa? Si itamukanyaga?"

"Leo itaachiwa," Baba akasema. "Mawe iko. Lala chini, mi nitakuonyesha pa kupaka."

Jado aliyatazama yale mawe. Aliyatazama magurudumu, yaliyokuwa marefu kuliko kifua changu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na kushuka mpaka kwenye kola. "Mi niko na nguo ya sherehe," akasema hatimaye.

Watu walicheka, na kicheko kile nilikimeza kama asali. Yule aliyesema Baba ameogopa mteremko wa Kanama aliogopa mawe, mchana kweupe, mbele ya wapishi. Baba hakucheka. Alimwashiria Mama, na Mama akajifunga kitenge chake vizuri, akapanda kwenye kiti cha dereva wa lori la Patron bila kumwomba mtu ruhusa. Baba akalala chali na shati lake la kanisani, akaingia chini. Nikamfuata na beseni.

"Achia!"

Lori lilishusha pumzi. Baba alikwenda moja kwa moja nyuma ya ekseli, kwenye mpira uliokuwa ukisugua chuma cha fremu, akaupaka povu. Povu likavimba palepale. Likapasuka, likavimba tena, mapovu makubwa yanayong'aa, na chini yake nilisikia mluzi mwembamba.

"Baba, ni hapa," nikasema.

Akaniwekea kidole chenye sabuni mdomoni. Kisha, nikimtazama, akahamia kwenye mpira mwingine kabisa, mzima, akaanza kuupaka polepole kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni.

"Mmepata?" Mama akauliza kutoka juu.

"Bado."

Niliamini kwamba macho yake yameharibika, au kwamba ule woga wake umemfuata mpaka chini ya lori. Nilimvuta shati, nikamwonyesha tena kwa kidole. Akatikisa kichwa. Alinituma nikoroge povu jingine, nikaenda nikarudi, naye akaendelea kupaka mipira mizima. Nje nilisikia Jado akianza kupata sauti. "Si nilisema? Ni kompresa. Hakuna kitu kule chini." Viatu vya Patron vilikwenda na kurudi mbele ya pua yangu. Nililia kimya, machozi yakiingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali.

Ndipo magari yakafika. Kutoka pale chini niliona viatu tu, viatu vingi vilivyong'arishwa, mapindo ya imishanana, yale mavazi ya sherehe ya akina mama, ncha za fimbo. Nyimbo zilizokuwa zikija nao zikakatika. Sauti nzito ya mwanamume, niliyekuja kujua kuwa ndiye msemaji wa upande wa bwana harusi, ikauliza kwa Kinyarwanda cha madaha, "Tumekuja kuomba binti. Je, huyu ndiye binti, huyu mwenye magurudumu?"

Baba akanigeukia. Sikuwahi kumwona na uso ule. "Bon," akanong'ona. "Sasa." Akapaza sauti, "Mama Keza, funga!" Upepo ukatoka kwenye mpira, akaukata palepale penye ufa kwa kisu, akatoa kiungo cha shaba kwenye mfuko wa shati, kiungo cha kipimo cha mpira uleule, akakikaza. "Achia!" Tukapaka povu. Likakaa.

Alipotoka chini alikuwa na povu kwenye nywele na vumbi mgongo mzima. Hakuwasalimu wageni. Alimwuliza Mama, "Geji inasema nini?"

"Imejaa," Mama akajibu kutoka juu, Kiswahili chake safi kikisikika mpaka barabarani. "Na haishuki."

"Patron," Baba akasema. "Upepo iko mwingi. Kompresa yenye inauleta ni gani?"

Patron alisema kitu kwa kunong'ona.

"Siku ile sauti yako ilifika mpaka kwa kinyozi."

Patron aliwatazama wakwe zake watarajiwa. Wao walimtazama kwa makini, maana hakuna Mnyarwanda anayeondoka katikati ya maneno kama hayo. Lori lilikuwa langoni. Mama alikuwa na funguo.

"Ni ile yenye huyu mutu alileta," Patron akasema. "Nilimuita mwizi mbele ya watu. Si mwizi. Aliileta, ikafungwa, iko hapa."

"Na Jado?"

"Jado alinidanganya."

Mnaojua gusaba mnajua kwamba siku hiyo upande wa binti ndio wenye enzi. Wageni ndio huombeshwa, hubuniwa makosa wasiyoyafanya, hupigwa vijembe na kuomba radhi mpaka wenyeji waridhike. Ndiyo raha ya shughuli. Yule msemaji wa Nyakiriba akakohoa, akasema, "Sisi tulikuja tumejiandaa kuomba radhi. Tumekuta wenyeji wameshaanza. Basi tumewasamehe, tuendelee na mengine." Watu wakaangua kicheko, na nilisikia baadaye kwamba siku nzima, kila msemaji wa Patron alipojaribu kuwabana wageni, yule bwana aliuliza tu kama lori limeshatoka, na wenyeji wakalegea. Nimeishi, nimeolewa, nimejifungua. Chakula kitamu kama habari ile sijala.

Baba alilitoa lori langoni mara moja, bila kugusa nguzo. Patron akamwambia arudi kazini Jumatatu. Baba alisema ataona. Akamtafuta Jado kwa macho, akamkuta nyuma ya wapishi, akamwekea funguo kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake. Hatukualikwa kula, wala tusingekubali.

Tulikuwa tukirudi nyumbani watatu, Mama na beseni tupu kichwani, nikauliza lile lililokuwa likinikaba.

"Baba, mpira ule hukuuona nilipokuonyesha?"

"Niliuona."

"Sasa kwa nini ulisema bado?"

"Wakwe walikuwa hawajafika."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Lakini Mama hakucheka. Alikuwa akifikiria kile kiungo cha shaba, kilichotoka mfukoni kikiwa tayari na kipimo chake.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

Baba akapangusa povu kwenye nywele. "Ile asubuhi yenye aliniita mwizi. Nilikuwa nimetoka chini ya kamiyo. Nilikuwa naenda kumwonyesha."

Mama akasimama katikati ya njia. "Ungeweza kumwonyesha palepale. Kungeisha palepale. Na ukanyamaza, sisi tukiwa vile tulivyokuwa."

"Siku ile," Baba akasema, "watu walikuwa kidogo."

Mama akageuka, akatangulia peke yake, bila kutungoja, na usiku ule alilala kitandani kwangu. Mimi nilibaki nyuma na Baba. Niliushika mkono wake, kwa sababu nilikuwa nimemwelewa.